Kielezo, Sheria na Kunga: Uhakiki wa Mawaidha kwa Watunzi Chipukizi wa Ushairi wa Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna vitabu vya Kiswahili vya karne ya 20 vilivyomshauri mtu anayeanza kutunga. Vitabu vitatu vimewekwa mbele: Kielezo cha Insha cha Shaaban Robert (1954), Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri cha Kaluta Amri Abedi (1954), na Kunga za Ushairi na Diwani Yetu cha M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi (1979). Mjadala mkubwa wa miaka ya 1970 na 1980 uliuliza ni ushauri upi ulio sahihi, wa kufuata arudhi au wa kuiacha. Hoja ya makala hii ni kwamba swali hilo liliacha nyuma swali jingine lililo muhimu zaidi kwa mwanagenzi, yaani kama ushauri wenyewe unaweza kutumika pasipo mtu wa kumsikiliza mtunzi na kumsahihisha. Inaonyeshwa kwamba vitabu hivi viliandikwa vikitegemea jamii ya wasikilizaji, na kwamba vilipofika darasani bila jamii hiyo, ushauri wake uligeuka kuwa orodha ya vipengele vya kuhesabiwa.

1.0 Utangulizi

Msomaji wa Kiswahili anayetaka kujifunza kuhakiki shairi hakosi vitabu. Anayetaka kujifunza kulitunga ana vichache, na miongoni mwa vichache hivyo kuna umbo moja linalojirudia kiasi cha kuvuta macho. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Mwaka 1979 Mulokozi na Kahigi walitoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu. Mwaka 1984 Jumanne Mayoka alitoa Mgogoro wa Ushairi na Diwani ya Mayoka. Waandishi hawa hawakukubaliana juu ya ushairi ni nini. Hata hivyo, wote walikubaliana, bila kupanga, kwamba anayetoa hoja au ushauri kuhusu utungaji anapaswa kuambatanisha tungo zake mwenyewe.

Kiunganishi “na” katika majina hayo kina uzito wa kihakiki. Kinamfunga mshauri kwa ushauri wake: msomaji aliyemaliza sehemu ya kwanza anafungua ya pili akiwa na haki ya kuuliza iwapo mwalimu ametenda alichofundisha. Vilevile kinakiri, pasipo kusema, kwamba kanuni peke yake haitoshi. Lau ingetosha, kitabu kingeishia kwenye kanuni.

Wahakiki wameisoma sana sehemu ya kwanza ya vitabu hivi kwa lengo la kupata fasili ya ushairi, na sehemu ya pili kwa lengo la kupata dhamira. Ni nadra kwa sehemu hizo mbili kusomwa pamoja kwa jicho la yule ambaye vitabu viliandikwa kwa ajili yake, yaani mtunzi chipukizi. Makala hii inafanya hivyo kwa kuanzia kwenye maneno matatu yaliyochaguliwa kuwa majina: kielezo, sheria na kunga. Kila neno lina dhana yake kuhusu namna ufundi unavyotoka kwa anayejua kwenda kwa asiyejua.

2.0 Kielezo: kujifunza kwa kuiga

Kielezo ni kitu kinachowekwa mbele ya macho ili mtu akitazame na kukifuata. Shaaban Robert (1909–1962) alipokiita kitabu chake Kielezo cha Insha, kilichochapishwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, alimpa msomaji insha fupi fupi za mada mbalimbali. Jina la kitabu ndilo linaloonyesha namna ya kukisoma: zitazame, kisha uandike zako.

Njia hii inaafikiana na safari ya Shaaban Robert mwenyewe. Alizaliwa Vibambani, Tanga, akasoma Dar es Salaam kati ya mwaka 1922 na 1926, kisha akaingia katika kazi ya ukarani wa forodha. Hakupita chuo chochote cha uandishi, kwa kuwa hakikuwapo. Alijifunza kwa kusoma na kwa kuandika hadharani, hasa katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923 na ambalo lilikuwa na nafasi ya mashairi ya wasomaji. Kwa mtu aliyejifunza hivyo, kielezo ni mwalimu wa asili.

Ubora wa kielezo ni kwamba hakigawanyi kazi vipande vipande. Mwanagenzi anaona sentensi ikiwa hai, na aya ikiwa na mwanzo na mwisho wake. Udhaifu wake ni kwamba hakisemi kipi kiigwe. Katika nathari ya Shaaban Robert kuna mizani ya sentensi, yaani wazo moja kuwekwa mkabala na jingine kwa urefu unaokaribiana, na kuna pia mwelekeo wa kutoa wasia. Mwigaji mwenye sikio huchukua la kwanza. Mwigaji asiye na sikio huchukua la pili, kwa sababu wasia huonekana kwa urahisi zaidi kuliko muundo unaoubeba. Matokeo yake ni insha inayohubiri bila kuimba. Kielezo hakiwezi kulizuia kosa hilo, kwa kuwa hakina kinywa cha kumwambia mwigaji kwamba amechukua ganda na kuacha kiini.

3.0 Sheria: zawadi kwa aliye mbali

Neno sheria limeleta lawama nyingi juu ya kitabu cha Amri Abedi. Katika mjadala wa miaka ya 1970, lilichukuliwa kuwa ni sauti ya mlinzi anayefunga mlango. Usomaji wa aina hiyo unasahau mazingira ya kitabu. Amri Abedi (1924–1964) alizaliwa Ujiji, mji wa bara wenye historia ndefu ya Kiswahili lakini ulio mbali na Lamu na Mombasa, ambako utungaji wa mashairi ulirithiwa ndani ya nyumba. Kijana aliyekulia katika nyumba ya washairi hakuhitaji kuandikiwa kwamba mshororo wa shairi una mizani 16, minane katika ukwapi na minane katika utao, wala kwamba vina vya kati na vya mwisho viwiane ubeti mzima. Alikwisha kuyasikia hayo kabla hajajua kusoma. Aliyehitaji kuandikiwa ni yule aliye mbali.

Kwa mtazamo huo, kuandika sheria kulikuwa ni kufungua mlango. Jambo lililokuwa mali ya ukoo na mji liliwekwa katika kitabu ambacho mtu wa Kigoma, Dodoma au Bukoba angeweza kukinunua. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma aliyekuja kuwa mmoja wa washairi mashuhuri wa Tanzania na aliyeandika Ngonjera za UKUTA (1970), ni ushahidi kwamba sanaa hii ingeweza kushikwa kikamilifu na mtu asiyezaliwa pwani. Sheria inayotajwa wazi huweza kujifunzwa na yeyote, ilhali desturi isiyotajwa hubaki kwa wenyeji wake.

Hata hivyo, sheria ina mpaka wake. Inaweza kumwonyesha mtunzi kwamba ameanguka, lakini haiwezi kumwonyesha kwamba amesimama. Mshororo wa mizani 15 una kosa linaloonekana kwa kila anayehesabu. Mshororo wa mizani 16 usio na uhai hauna kosa lolote mbele ya sheria. Amri Abedi hakuwa haoni jambo hilo, kwani katika kitabu hichohicho alilifananisha shairi na wimbo na kushikilia kwamba shairi lisiloimbika limepoteza maana yake. Kuimbika ni kipimo cha aina nyingine kabisa. Mizani huhesabiwa kwa vidole na mtu mmoja akiwa peke yake, lakini kuimbika hutambuliwa na sauti na sikio, na kwa kawaida sikio hilo ni la mtu mwingine. Ndani ya kitabu kimoja, basi, kuna vipimo viwili: kimoja ambacho mwanagenzi anaweza kukitumia chumbani mwake, na kingine kinachodai mkusanyiko. Historia ya baadaye ilikishika cha kwanza na kukiacha cha pili.

4.0 Kunga: siri inayodai kungwi

Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa diwani ya Kichomi, ambayo kwa sehemu kubwa haikufuata vina na mizani, na katika utangulizi wake alitetea matumizi ya lugha ya mazungumzo ya kila siku. Mwaka 1976 Mulokozi na Kahigi walitoa Malenga wa Bara. Ukali wa majibu ya watetezi wa arudhi unajulikana vya kutosha katika tasnifu nyingi. Kinachohusika hapa ni kwamba, baada ya mapigano hayo ya mwanzo, Mulokozi na Kahigi waliona haja ya kuandika kitabu cha kufundisha, na hawakukiita “uhuru wa kutunga”. Walikiita Kunga za Ushairi.

Uteuzi huo una maana. Kunga ni siri za ufundi na pia ni mafunzo anayopewa mwali na kungwi wake. Kwa neno hilo waandishi waliukana mfano wa mahakama na kuushika mfano wa unyago. Hoja yao kuu, kwamba vina na mizani si uti wa mgongo wa ushairi na kwamba ushairi hutambulikana kwa mpangilio na mkato wa lugha, taswira na hisia, ilipanua uwanja wa mtunzi. Kwa kuwa wao wenyewe walitunga kwa njia zote mbili, hawakuweza kushutumiwa kwamba waliiacha arudhi kwa kuishindwa.

Hata hivyo, mfano wa unyago una deni ambalo kitabu hakiwezi kulilipa. Kunga hazitolewi kwa maandishi. Hutolewa na kungwi anayemjua mwali, anayeona anachokosea siku ileile, na anayejua ni lipi la kumwambia leo na lipi la kumwambia kesho. Kitabu kinachowaeleza wasomaji wote siri zilezile kwa mpangilio uleule kimebaki na maneno ya kungwi pasipo kungwi mwenyewe. Mwanagenzi anayeambiwa kwamba shairi zuri lina mkato na taswira amepewa ukweli, lakini hajapewa njia ya kutambua kama taswira aliyoiandika jana ni taswira au ni pambo. Sheria angalau ilimpa cha kuhesabu.

Hapa ndipo panapoonekana kwamba kambi mbili za mgogoro zilikuwa na pengo moja. Wanamapokeo walimpa chipukizi kipimo kisichogusa uhai wa shairi. Wanamabadiliko walimweleza uhai wa shairi bila kumpa kipimo.

5.0 Kipimo ambacho hesabu haikifikii

Ili hoja hii isibaki hewani, ni vyema kupima mishororo michache iliyotungwa kwa ajili ya makala hii. Chukua mtunzi chipukizi aliyeambiwa atunge kuhusu kazi. Tokeo la kawaida la kufuata sheria pekee ni kama hili:

Kazi ni kitu kizuri, huondoa mtu njaa,
Tufanye kazi vizuri, tuyapate manufaa.

Mizani imetimia, minane kwa minane. Vina vya kati ni “ri” na vya mwisho ni “a”. Hakuna hakimu wa sheria anayeweza kuwatia hatiani. Hata hivyo, neno “kitu” liko pale kujaza nafasi, neno “mtu” vilevile, na “vizuri” limeletwa na kina, si na maana. Mishororo hii ingeweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kushika jembe wala kalamu.

Sasa chukua mishororo hii:

Jembe liko mlangoni, mpini ungali moto,
Mama kalala mekoni, katikati ya watoto.

Hesabu ni ileile, na mpangilio wa vina ni uleule. Sheria haioni tofauti kati ya jozi hizi mbili. Tofauti imo katika maswali ambayo mtunzi wa pili alijiuliza: kazi ya nani, kwa chombo gani, saa ngapi. Neno “kazi” halikutajwa, na wala uchovu haukutajwa. Msomaji ndiye anayeunganisha moto wa mpini na usingizi wa mama. Hata “kalala”, badala ya “amelala”, ni umbo linalosikika katika mazungumzo ya kawaida, kwa hiyo halinuki shida ya mizani kama zinavyonuka inkisari nyingine zinazofanywa ili hesabu ikubali.

Mtetezi wa ushairi huru anaweza kudhani kwamba mfano huu unamsaidia, kwa kuwa unaonyesha hesabu haina nguvu. Lakini jozi ya kwanza ikivuliwa arudhi inakuwa hivi:

Kazi
ni kitu kizuri.
Tufanye kazi
vizuri.

Maneno yamepewa nafasi nyeupe ukurasani, na uhai haujaongezeka. Jozi ya pili ikivuliwa arudhi inaweza kuwa hivi:

Jembe mlangoni.
Mpini bado una moto wa mikono
ya mama aliyelala jikoni
katikati ya watoto.

Toleo hili linaishi. Hata hivyo, limefanya jambo moja ambalo toleo la arudhi halikulifanya: limemweleza msomaji kwamba moto ule ni wa mikono, na kwamba mikono ni ya mama. Katika toleo la arudhi hapakuwa na nafasi ya maelezo hayo, na ukosefu wa nafasi ukawa faida. Hiyo ni sababu moja ya kiufundi ya kujifunza arudhi hata kwa anayekusudia kuiacha: kubanwa humlazimisha mtunzi kuchagua cha kutosema. Mtunzi huru anaweza pia kuacha kusema, lakini hana ukuta wa kumkumbusha. Inambidi awe na sikio lake, au la mwenzake.

Somo kwa mwanagenzi, basi, halimo katika kuchagua kambi. Limo katika uwezo wa kuirudia rasimu na kuuliza kila neno limekuja kwa amri ya nani. Hapa udhaifu wa kiunganishi “na” kilichotajwa katika utangulizi unajitokeza. Diwani iliyoambatanishwa na ushauri humpa chipukizi mashairi yaliyokwisha kukamilika. Humwonyesha mahali mwalimu alipofika, lakini hufuta nyayo zake: mishororo iliyokatwa, kina kilichokataa, neno lililobadilishwa mara tatu. Ushahidi wa ufundi umo katika hatua hizo zilizofutwa.

6.0 Kutoka sikioni hadi jichoni

Ikiwa vitabu havikuonyesha masahihisho, watunzi walisahihishwa wapi? Jibu la kihistoria ni kwamba walisahihishana. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, yaliyokusanywa baada ya kifo chake na kuchapishwa mwaka 1940 chini ya uhariri wa W. Hichens, yana mengi yanayojibu au kungoja kujibiwa. Katika malumbano, mshairi aliyekosea mizani hakungoja mhakiki, kwani mpinzani alilitwaa kosa na kulifanya hoja. Desturi hiyo ilihamia magazetini. Katika Mambo Leo na magazeti yaliyolifuata, shairi la mtu wa Tanga liliweza kujibiwa na mtu wa Tabora, mara nyingi kwa bahari ileile na vina vilevile. Kujibu kwa vina vya mwenzako ni zoezi kali la ufundi, kwa sababu linadai kulisoma shairi lake hadi ndani ya silabi.

Abdilatif Abdalla ni mfano wa kina wa malezi ya aina hiyo. Alikulia Mombasa miongoni mwa washairi, na Ahmad Nassir, mwenye Malenga wa Mvita (1971), ni ndugu yake. Alipofungwa mwaka 1969 kwa ajili ya waraka wa kisiasa ulioitwa Kenya: Twendapi?, alitunga gerezani mashairi yaliyokuja kuwa Sauti ya Dhiki (1973). Diwani hiyo ni ya arudhi, na dai kwamba arudhi haiwezi kubeba jambo zito la wakati wake halina pa kusimama mbele yake. Lakini ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba sheria ndiyo iliyoyazaa mashairi hayo. Yalizaliwa na sikio lililofunzwa kwa miaka mingi ndani ya jamii iliyojua kusikiliza, kiasi kwamba mtunzi alipotengwa na kila msikilizaji aliweza kuwabeba kichwani.

Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu (1988), aliikumbusha taaluma kwamba shairi ni bahari moja tu kati ya nyingi, na kwamba tungo za Waswahili zilijulikana kwa namna zinavyoimbwa na kwa shughuli zinazoimbiwa. Baadhi ya tungo hizo, kama utumbuizo, hazibanwi na vina kwa namna ileile ambayo shairi hubanwa. Ukumbusho huo unaeleza kwa nini mgogoro ulikuwa mkali kiasi kile. Pande zote mbili zilikuwa zikibishana juu ya alama za ukurasani za kitu ambacho asili yake ni sauti. Sheria zilikuwa zimeandikwa kwa ajili ya sikio, zikasomwa kwa jicho. Mtu anayesoma kimyakimya huiona mizani kama idadi, na idadi isiyosikika huonekana kuwa ni amri tu. Kuiasi amri ya namna hiyo ni jambo la haki, na kuitetea bila kuirudishia sauti ni kuitetea maiti.

7.0 Hali ya mwanagenzi wa leo

Suala hili si la kihistoria pekee. Katika mtihani wa KCSE nchini Kenya, karatasi ya tatu ya Kiswahili huwa na swali la ushairi. Mtahiniwa huulizwa kuhusu umbo la shairi, tamathali zilizotumika na namna mshairi alivyotumia idhini yake, na aghalabu hutakiwa kuandika ubeti fulani kwa lugha ya nathari. Maswali hayo yana manufaa yake katika kupima ufahamu. Lakini yanamzoeza mwanafunzi mwendo wa upande mmoja. Kwa miaka minne anageuza beti kuwa nathari, na ni nadra kuombwa ageuze nathari kuwa ubeti. Anajua jina la kila kiungo cha mwili ambao hajawahi kuuona ukitembea. Maneno aliyoyaandika Amri Abedi ili mtu wa mbali aweze kutunga yamegeuka kuwa maneno ya kumwezesha mtu kujibu maswali kuhusu alichotunga mwingine.

Nje ya shule, mlango uliofunguka kwa kasi ni wa tuzo. Tuzo ya Fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell imepokea miswada ambayo haijachapishwa, na imewatoa watunzi ambao huenda wasingesikika. Thamani yake haina shaka. Hata hivyo, kwa mtazamo wa ufundi, tuzo hufanana na sheria: hutoa hukumu. Mtunzi aliyeshindwa hujua kwamba ameshindwa, lakini hajui ni katika mshororo upi. Ukurasa wa mashairi wa gazeti ulikuwa dhaifu kifedha kuliko tuzo yoyote, lakini ulimpa kitu ambacho tuzo haiwezi kumpa, yaani jibu la mtu aliyesoma shairi lake neno kwa neno na kulirudisha.

Inaweza kupingwa kwamba jibu la gazetini lilikuwa na upendeleo wake, kwamba lilikuza ushindani wa lugha ya mafumbo kuliko fikra, na kwamba liliwasahihisha zaidi wanaume waliokuwa na nafasi ya kuandika. Pingamizi hilo ni la haki, na ushairi wa wanawake uliokaa katika nyimbo na tenzi za nyumbani unalithibitisha: Utendi wa Mwana Kupona wa karne ya 19 ulitungwa na mama kwa ajili ya bintiye, si kwa ajili ya uwanja wa malumbano. Lakini mfano huo haubomoi hoja, bali unaipanua. Hata pale palipokuwa mbali na uwanja wa hadhara, utungo ulikuwa na msikilizaji anayejulikana kwa jina. Kilichobadilika ni ukubwa wa mkusanyiko, si kuwapo kwake.

8.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba kielezo, sheria na kunga si hatua tatu za maendeleo ambapo ya mwisho inafuta ya kwanza. Ni njia tatu ambazo kila moja inabeba kitu kinachokosekana katika nyingine. Kielezo kinatoa kazi nzima bila maelezo. Sheria inatoa kipimo bila uhai. Kunga zinataja uhai bila kipimo. Zote tatu ziliandikwa zikichukulia kwamba mahali fulani kuna mtu atakayemsikiliza mwanagenzi, na udhaifu wa kila moja unajitokeza mtu huyo anapokosekana.

Kutokana na hayo, mhakiki anayetathmini kitabu chochote cha kufundisha utungaji anaweza kutumia maswali matatu badala ya moja la kambi. Kwanza, je, ushauri unampa mtunzi jambo la kufanya juu ya rasimu yake mwenyewe, au unamweleza tu sifa za kazi iliyokamilika? Pili, je, unamwonyesha mshororo uliokosewa ukirekebishwa, pamoja na sababu ya kila badiliko? Tatu, je, unamwelekeza kwa wasikilizaji, na kumfundisha pia kuwa msikilizaji wa wengine?

Kwa watafiti, kuna kazi mbili zinazosubiri. Ya kwanza ni kuzichunguza kurasa za mashairi za magazeti kama shule za utungaji, kwa kufuatilia mtunzi mmoja mmoja tangu shairi lake la kwanza, majibu aliyopata, na mabadiliko ya ufundi wake baada ya majibu hayo. Ya pili ni kutafuta na kuhifadhi rasimu za washairi walio hai, zenye mistari iliyofutwa, kabla hazijatupwa. Kwa idara za Kiswahili, pendekezo ni la kawaida na halihitaji fedha: mwanafunzi anayefanya kozi ya ushairi atunge angalau beti chache, azisome kwa sauti mbele ya wenzake, azirekebishe kutokana na aliyoyasikia, kisha atathminiwe kwa kulinganisha rasimu ya kwanza na ya mwisho.